Kijiti cha kuzuia jua ni kizuri, lakini foleni inakishinda

Leo nataka tuongee juu ya jua. Najua mtasema jua la Kakuma kila mtu analijua, kuna nini cha kuandika? Ngojeni kidogo.

Mimi nina ualbino. Maana yake mwili wangu hautengenezi melanini ya kutosha, ile rangi inayokinga ngozi. Kwangu mimi, saa moja kwenye jua la mchana inatosha kuniachia malengelenge, na jua likirudia kila siku kwa miaka mingi linaweza kuleta saratani ya ngozi. Watu wenye ualbino katika Afrika huipata mapema, wengine wakiwa bado vijana. Kwa hiyo msidhani naandika mambo ya urembo.

Mwezi uliopita yaya wangu aliyehamishiwa Marekani alinitumia kijiti cha kuzuia jua. Ni mafuta magumu yenye nta ndani ya kichupa, unazungusha chini yanapanda juu, kama gundi ya shuleni. Kinga yake imeandikwa SPF 50. Nimekitumia mpaka kikaisha, na haya ndiyo niliyoyaona.

Uzuri wake upo. Hakimwagiki kwenye mkoba. Hakitaki maji wala kunawa mikono kwanza, na nyinyi mnajua maji hapa yalivyo. Nikitoka jasho hakikimbilii machoni haraka kama losheni. Kwa pua, masikio, midomo na chini ya macho, kusema kweli sijawahi kupata kitu rahisi hivi.

Sasa ubaya. Siku ya kwanza nilijichora mstari mmoja kila shavu, nikatoka najiamini kabisa. Jioni uso ulikuwa mwekundu na sehemu zilizopona ni pale tu nilipochora! Kumbe kijiti unapaka ukirudia mara nne hivi sehemu ileile, halafu unasambaza kwa vidole, na baada ya kila masaa mawili unapaka tena. Halafu joto. Nilikiacha mfukoni mchana, kikawa laini kama samli. Tangu siku hiyo nikawa nakiweka kivulini karibu na mtungi wa maji. Na vumbi letu linakipenda sana, lazima ufute juu kabla ya kupaka.

Lakini shida kubwa ni hesabu. Mtu mzima akitaka kupaka mwili wote vizuri anahitaji kama gramu 30 kwa mara moja tu. Kijiti changu kilikuwa na gramu 15. Yaani chote hakitoshi hata nusu ya siku kama nataka kufunika mikono, miguu, shingo na uso.

Hiyo hesabu niliielewa siku ya mgao. Nilifika saa tatu asubuhi nikiwa nimepaka. Saa tano nikapaka tena. Saa saba nilikuwa bado nimesimama, hakuna mti, hakuna turubai, na nilivaa blauzi ya mikono mifupi kwa sababu nilikiamini kijiti. Mikono ilianza kuwaka. Mama mmoja nyuma yangu alifungua kitenge chake akanifunika nacho, akasema, "Mwanangu, jifunike, hayo mafuta yako ni kidogo kuliko hili jua." Sikuwa na la kumjibu. Kitenge chake kilifunika mabega na mikono yangu yote na hakikuhitaji kupakwa tena baada ya masaa mawili.

Ndiyo maana nasema hivi: kijiti ni cha uso na masikio. Mwili unakingwa na nguo ya mikono mirefu, kofia pana na kivuli. Na kivuli hakiwezi kununuliwa na mtu mmoja mmoja. Kivuli ni mpango.

Hapa nawageukia nyinyi mnaofanya kazi ya misaada. Nawaheshimu, najua kazi ni nyingi. Kakuma iko digrii zisizofika 4 kutoka ikweta, jua la kuanzia saa nne mpaka saa kumi linatua wima kichwani. Mtu mwenye ualbino akisimama masaa manne hapo, hata umpe losheni gani, ataumia. Kumwita kwanza asubuhi, au kumruhusu ndugu yake amchukulie mgao, hakuna bajeti inayotakiwa. Ni jina kwenye orodha tu.

Jambo la pili ni losheni yenyewe. Niliwahi kuomba kwenye dirisha moja nikajibiwa, "Hicho ni kipodozi, hapa tunatoa dawa." Nilirudi nyumbani na aibu, kama vile nimeomba lipstiki. Lakini serikali ya Kenya yenyewe hugawa losheni bure kwa watu wenye ualbino kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kule Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC wanatengeneza losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yetu hasa. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu wenye ualbino 9,729. Nchi imetuhesabu na imekubali kwamba losheni ni kinga ya ugonjwa. Kwa hiyo anayejua njia ya mkimbizi kuandikishwa, tafadhali atueleze hapa kwa lugha rahisi, atakuwa ametusaidia kuliko kututumia vijiti kumi.

Na nyinyi vijana wenzangu wenye ngozi nyeusi, mmeniuliza sana kama na nyinyi mtafute kijiti. Ngozi yenu ina kinga yake, ingawa na nyinyi mnaungua. Kwa siku za kawaida kofia na kivuli vinawatosha wengi wenu. Kama una pesa ya kijiti, sikukatazi. Ila ukiona mwenzako mwenye ualbino kwenye foleni, mpishe mbele. Usimwite "mzungu", mwite kwa jina lake. Ukiona kidonda usoni au shingoni kwake ambacho mwezi umepita hakijapona, mwambie aende kwa daktari, na umsindikize.

Kijiti changu kimeisha. Yaya ameniuliza atume kingine, nimemwambia atume, na aongeze kofia pana mbili. Moja yangu. Ya pili ni ya mtoto wa jirani, ana miaka sita, ana ualbino kama mimi, na mwaka huu ameanza shule. Anatembea kwenda na kurudi bila kofia.