Ofisi ya Kununulia Karafuu Iendeshwe kwa Fedha Gani?

Wanachama wengi, khasa wa Pemba, wametuletea suala moja kwa maneno mbalimbali, nalo ni hili: ile sehemu ya bei ya karafuu isiyotufikia mkononi inakwenda wapi, na nani aliyeipima? Twaona ni suala la haki, wala si fitina, na leo twapenda kutoa rai yetu.

Kwanza tuseme jambo ambalo hatuna ugomvi nalo. Wako wasemao Serikali itoke kabisa katika biashara hii, kila mtu amuuzie amtakaye. Sisi hatumo katika hao. Mwenye mikarafuu thelathini hawezi kukaa na mfanyabiashara wa Singapore wakapatana bei. Wazee wetu waliijua biashara ya namna hiyo: karafuu zikiuzwa zingali mtini, kwa mtu aliyekopesha mchele na nguo, na bei akiipanga yeye. Mnunuzi mmoja mwenye nguvu, mwenye kituo karibu na shamba na fedha taslimu juu ya meza, ni kinga kwetu. Lakini mnunuzi wa peke yake ana khatari yake. Usiporidhika naye huna pa kwenda, ila baharini usiku, na huko ni magendo. Kwa hivyo hisabu zake zapasa kuwa wazi kuliko za mwenye duka, maana mwenye duka twaweza kumhama.

Visiwa hivi vimekwisha kuijaribu njia hii zaidi ya mara moja. Mwaka 1937 serikali ya Kiingereza ilikifanya Chama cha Wakulima wa Karafuu cha siku zile (si hiki chetu) kuwa mnunuzi wa pekee wa karafuu za kusafirishwa. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, na Bara Hindi yenyewe, iliyokuwa mteja mkubwa, ikasusa pamoja nao, mpaka yakafanywa mapatano mwaka 1938. Ikaonekana kuwa kupewa haki ya kununua na sheria ni jambo jepesi, na kupata wa kumuuzia ni jambo jingine.

Kisha mwaka 1968 likaanzishwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ambalo ndilo ofisi kuu ya Serikali ya Zanzibar ya kununulia karafuu. Katika miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda sana, na mkulima akapata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Iliyobaki ilikuwa ya Serikali, na kazi yake inaonekana mjini hata leo, majumba ya Michenzani yakiwa mfano mmoja. Hatusemi majumba yalikuwa mabaya. Twasema aliyeyalipia hakuambiwa kiasi alicholipa, na shambani mikarafuu ikazeeka bila ya kupandwa mingine ya kutosha. Waindonesia, waliokuwa wakinunua karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao, walipoanza kutosheka na karafuu za kwao, bei ikaanguka, na hatukuwa na akiba ya kutushika.

Mwaka 2011 Serikali ilifanya jambo jema tunalolishukuru. Ilitangaza kuwa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na bei ya daraja la kwanza ikafika shilingi 15,000 kwa kilo. Basi shirika liishi kwa asilimia 20. Wengi wetu tulidhani suala limekwisha. Kwa rai yetu, hapo ndipo lilipoanzia.

Tuseme karafuu imeuzwa nje kwa shilingi 20,000 kilo (ni mfano, si bei ya leo). Mkulima ana 16,000, shirika lina 4,000. Kwa frasila, ambayo ni karibu kilo 16, fungu la shirika ni shilingi 64,000. Humo watoke makarani wa mizani, magunia, gari, chombo cha kuvusha mzigo kutoka Pemba hadi Unguja, bandari, bima, na mishahara ya mwaka mzima hata ile miezi ambayo hapana hata pishi moja inayochumwa. Ni fungu kubwa au dogo?

Jawabu yategemea mikarafuu, na mikarafuu, kama kila mwanachama ajuavyo, haizai sawa kila mwaka. Chukua tena mfano wetu. Msimu mkubwa ukitoa tani 6,000, fungu la shirika ni shilingi bilioni 24. Msimu mdogo ukitoa tani 2,000, ni bilioni 8. Lakini mishahara haipungui kwa thuluthi mbili kwa kuwa mikarafuu imepumzika, wala paa la ghala halingoji msimu mkubwa ndipo livuje. Kwa hivyo asilimia 20 ni nyingi mno mwaka mmoja na chache mno mwaka mwingine. Ofisi yenye fedha nyingi mno huzoea matumizi, na yenye fedha chache mno hutafuta pa kuzibia pengo.

Pengo lenyewe ni rahisi kuzibwa mezani kwetu. Karafuu ya daraja la kwanza ikiitwa ya pili, mkulima hana wa kumshitakia, na makao makuu hayatakuwa na haraka ya kuuliza. Hatumtuhumu karani yeyote. Sote tuliosoma chuoni twaijua Suratul-Mutaffifin na twajua inawahusu nani. Lakini si busara kuiendesha ofisi kwa namna inayomtia mtu mwaminifu katika mtihani kila msimu mdogo ukija.

Kuna na mtaji wa kununulia. Huo nao hutoka ama katika akiba ya shirika, ama Hazina, ama benki. Wa benki una gharama yake, na gharama hiyo hatimaye yatoka katika karafuu. Waliotaka kujua mkopo waweza kufika wapi wawatazame Waindonesia wenyewe. Mapema katika miaka ya 1990 serikali yao iliunda ofisi ya kununua karafuu zote, jina lake BPPC, ikiongozwa na mtoto wa Rais Suharto, kwa mikopo iliyotoka benki kuu ya nchi. Ilikusudiwa kumnusuru mkulima. Ikanunua kwa bei moja na kuwauzia wenye viwanda vya sigara kwa bei ya juu mno. Wenye viwanda wakatumia akiba zao, ghala zikajaa, na wakulima wengi wakaiacha mikarafuu yao, wengine wakaikata. Mwaka 1998 ofisi ikavunjwa. Haikukosa sheria wala fedha. Mkulima tu hakuwa na kiti pale hisabu zilipofungwa.

Rai yetu basi ni hii. Gharama za kununua na kuuza ziwekwe kwa shilingi, kifungu kwa kifungu, na kutangazwa vituoni kabla ya Julai, ili kila mtu ajue frasila yake imechangia nini. Kinachozidi katika msimu mkubwa kisiingie katika matumizi, bali katika akiba yenye wajumbe wa wakulima, nayo iwe ndiyo mtaji wa msimu ujao na ngao ya bei dunia ikituangusha. Kiwanda cha mafuta ya makonyo kule Chake Chake kiwe na daftari lake mbali. Barabara, miche na utafiti vibaki katika Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu uliowekwa na sheria ya 2014, ambao nao utupe hisabu zake.

Wako wenzetu wanaotaka mishahara ya shirika ilipwe na Hazina ili mkulima apate zaidi ya 80. Tamu kuisikia. Lakini ofisi humsikiliza anayeilisha, na siku Hazina ikiwa na shida, fedha za kununulia zitangoja pamoja na mengine, na karafuu zetu zitangoja juu ya majamvi na mvua inakuja. Heri tulipe wenyewe, tukiwa twajua tunacholipa.

Halmashauri itaandika barua kwa Serikali kabla ya bajeti kusomwa Baraza la Wawakilishi. Twawaomba makatibu wa matawi watukusanyie stakabadhi za msimu uliopita, za kila daraja, pamoja na tarehe ya kupima na tarehe ya kulipwa. Za makonyo pia. Asiye na stakabadhi asituletee maneno matupu, maana barua tunayotaka kuiandika ni ya hisabu.