Mama yuko Guangzhou, mtoto yuko hapa



Juma hili tunazungumza juu ya mji ambao wengi wetu hatujaufikia, lakini vitu vyake viko katika kila nyumba. Ukipita soko la Kadutu ukageuza kiatu cha mtoto, sahani ya plastiki au taa ya sola, mara nyingi utakuta kimetoka China. Wafanyabiashara wetu huvifuata vitu hivyo Guangzhou, mji mkubwa sana wa kusini mwa China, katika jimbo la Guangdong. Vinapakiwa katika kontena, vinavuka bahari mpaka Dar es Salaam au Mombasa, kisha malori yanavileta mpaka kwetu.

Lakini leo hatuzungumzi juu ya mizigo. Tunazungumza juu ya mama anayeifuata mizigo hiyo, akabaki kule mwaka mmoja, miaka miwili, mitatu, na juu ya mtoto aliyemwachia nyanya au dada yake hapa.

Waafrika walianza kukaa Guangzhou kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwezi wa 12 mwaka 2001 China iliingia katika Shirika la Biashara la Dunia, na watu wakazidi kwenda. Wengi walikusanyika katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Huko utasikia Kifaransa, Lingala, Kiswahili, na lugha za Mali na Nigeria. Ndiyo maana aliye hapa hufikiri kwamba mwenzake kule hakosi mtu wa kuzungumza naye.

Wamama waliorudi wanatusimulia vingine. Siku nzima mtu anatembea kati ya maduka ya jumla, ghorofa kwa ghorofa. Hajui Kichina, na muuzaji hajui Kifaransa. Wanashikana kwa mashine ya hesabu: mmoja anaandika bei, mwenzake anafuta na kuandika ndogo, mpaka wakubaliane. Jioni anarudi katika chumba kidogo juu ya ghorofa, na anatambua kwamba tangu asubuhi amesema namba tu. Kichina chenyewe ni kigumu, kwa sababu sauti ikipanda au ikishuka, neno linakuwa jingine kabisa. Unaweza kutamka vizuri kama unavyofikiri, mtu akakutazama bila kuelewa hata kidogo.

Kuhusu chakula, watu wengi hapa wanamhurumia mtu wa kule bila sababu. Katika masoko ya Guangzhou majani ya viazi vitamu, matembele yetu, yanauzwa na Wachina wenyewe wanayakaanga. Lengalenga pia iko. Mchele usiulize. Kinachokosekana ni sombe ya kutwanga kama yetu, sambaza za ziwa letu, na unga wa bugali ambao mara nyingi unafika katika valizi ya msafiri. Lakini mama mmoja alituambia jambo ambalo lilitukaa moyoni: chungu alikipata, majani aliyapata, ila alipika kidogo sana, na hajawahi maisha yake yote kupika chakula cha mtu mmoja. Alisema hapo ndipo ukiwa ulipomshika. Njaa hakuwa nayo.

Kuna majira pia. Mwanzoni mwa mwaka, kabla ya joto kuingia, hewa ya Guangzhou inajaa maji hata kuta na sakafu zinatoka jasho, na nguo za ndani ya nyumba hazikauki siku nyingi. Kuna pia Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, mwaka mpya wa Wachina, ambayo huangukia kati ya tarehe 21 ya mwezi wa kwanza na tarehe 20 ya mwezi wa pili. Viwanda vinafungwa, maduka yanafungwa, na mamilioni ya watu wanapanda treni kurudi vijijini kwao. Mji uliokuwa na kelele unanyamaza. Mgeni anabaki chumbani akisikia fataki za mbali, na kila mtu aliyekuwa akimjua amekwenda kwa mama yake.

Hapa tuongeze jambo ambalo wamama wengi hawalijui. Wale wanawake Wachina wanaoshona viatu tunavyonunua, wengi wao pia wamewaacha watoto. Wametoka sehemu nyingine za China kama Hunan, Sichuan na Guangxi. Kwa sheria ya kule, mtu ameandikwa katika kijiji chake, na kumwingiza mtoto katika masomo ya mjini ni vigumu na ni gharama. Basi mtoto anabaki kijijini kwa babu na nyanya, na mama anamwona katika sikukuu ile moja. Wachina wana jina la watoto hao, wanawaita watoto waliobaki nyuma. Kumbe kiatu kile kimepita mikononi mwa mama wawili waliokumbuka watoto wao: aliyekishona na aliyekinunua.

Sasa tufike kwa swali ambalo tunaulizwa mara kwa mara na wenye kulea: mbona mama hapigi simu? Je, ametusahau?

Sababu ya kwanza ni saa. Guangzhou wanatutangulia saa sita. Hapa ikiwa saa mbili usiku, wakati tumemaliza kazi na tunakumbuka kupiga simu, kule ni saa nane usiku na mtu amelala. Yeye akimaliza kazi saa moja jioni, hapa ni saa saba mchana, sisi tuko sokoni au shambani.

Sababu ya pili ni njia ya kuzungumza. WhatsApp imefungwa China. Wengi kule wanatumia WeChat, na kama telefone ya nyanya haina WeChat, ujumbe haufiki.

Sababu ya tatu ni karatasi. Anayefika China na kulala katika nyumba ya mtu, lazima ajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Viza ikiisha naye bado yuko, sheria inaweza kumtoza yuan 500 kwa kila siku, mpaka yuan 10,000, au kumfunga siku 5 mpaka 15. Mtu wa namna hiyo anaogopa hata kutoka nje, na hatakuambia hayo katika simu. Na mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika vyumba vyao na kukataliwa katika hoteli, wengine wakalala nje, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika kule Beijing wakaandika barua ya kulalamika. Wengi walirudi baada ya hapo. Waliobaki walijifunza kunyamaza.

Kwa hiyo kimya si dalili ya kusahau. Mara nyingi mtu ananyamaza kwa sababu hana habari njema, na anaona haya kupiga simu mikono mitupu.

Wakati huo, mtoto anakua. Sisi walimu tunamtambua darasani. Viatu vyake ni vizuri, mfuko wake ni mpya, lakini daftari lake halina mtu anayelitazama. Tukiuliza mama yuko wapi, anajibu haraka, "Yuko kwa Wachina", kama somo alilolishika kwa kichwa. Mwaka wa pili anasema tu, "Atatuma." Pole pole mama anakuwa jina la kifurushi. Mama mmoja aliporudi baada ya miaka mitatu, binti yake wa miaka sita alimpa mkono kama anavyompa mgeni, kisha akamwuliza shangazi yake: "Huyu ndiye mama wa telefone?" Mama yule alikuwa amelipa masomo, kodi na dawa bila kukosa hata mwezi mmoja.

Hilo ndilo linalotutia hofu, na ndilo tunaloweza kulizuia tukiwa hapa hapa. Tunawapa mashauri matano.

Moja. Wekeni siku na saa isiyobadilika. Jumapili saa saba mchana kwetu ni saa moja jioni kwao. Mtoto akijua siku, atangojea. Mama akijua siku, atajitengeneza.

Mbili. Msimpe mtoto telefone mikono mitupu. Mtoto wa miaka mitano hajui la kujibu anapoulizwa "Habari gani?" Ananyamaza, nyanya anamgombeza, na mama kule anafikiri mtoto amemkataa. Mpeni daftari mkononi, au jino lililong'oka, au wimbo wa darasa. Aonyeshe, na mama aulize. Hapo mazungumzo yatakuja yenyewe.

Tatu. Simu moja kati ya tatu isiwe na ombi lolote. Wala ombi la karo, wala la harusi, wala la msiba. Mwambieni mvua imenyesha, mbuzi amezaa, jirani amepaka nyumba rangi. Mtu aliye mbali ana njaa ya habari ndogo kama hizo, na hakuna duka la Guangzhou linaloziuza.

Nne. Msimfiche ugonjwa wa mtoto mpaka apone, wala msimtishe kwa homa ya siku moja. Mwambieni ukweli kwa kipimo chake. Na buletini ya masomo ipigwe picha atumiwe, hata kama alama ni mbaya. Alama mbaya aliyoiona inamweka bado katika kazi ya umama.

Tano. Akirudi, msihesabu valizi mlangoni. Aliyerudi na moja tu asikie karibu ile ile. Mpeni juma zima na watoto wake kabla ya kumpelekea matatizo ya ukoo. Naye asikasirike mtoto akimkimbilia shangazi. Mapenzi yanarudi kwa mwendo wa mtoto.

Kwa vikundi tunaomba jambo moja. Katika mkutano wa juma hili, hesabuni ni watoto wangapi katika mtaa wenu wana mama au baba katika nchi ya mbali, iwe China, Dubai au kwingine. Kisha tafuteni, kwa kila nyanya asiye na telefone nzuri, mama mmoja wa likelemba mwenye telefone na moyo wa kumkaribisha mtoto Jumapili saa saba. Mega za simu hiyo zinaweza kutoka katika sanduku la kikundi. Ni feza kidogo. Na walio na ndugu wanaojitayarisha kusafiri, waweke WeChat katika telefone ya mlezi kabla ya siku ya ndege, wakiwa bado wamekaa pamoja na wanaweza kufundishana.

Tuleteeni majibu yenu kwa katibu wa kikundi. Tutayasoma pamoja katika ukurasa huu. Mbaki salama, na muwasalimu watoto.