Mshika Mbili Moja Humponyoka: Masomo ya Uzamili na Nadhiri ya Kusoma Vitabu



Wahenga walisema: mshika mbili moja humponyoka. Methali hii niliisikia mara nyingi mno katika mwaka ule niliokuwa nikisomea stashahada ya uzamili ya ualimu, yaani masomo yanayofuata baada ya shahada ya kwanza. Niliisikia kwa walimu wenzangu, nikaisikia nyumbani, nikaisikia hata katika foleni ya magari ya kwenda Bujumbura. Sababu ni kwamba juu ya masomo hayo, na juu ya vipindi vyangu vya kufundisha hapa Kabezi, nilikuwa nimejiwekea nadhiri ya kusoma vitabu 50 vya Kiswahili kabla ya mwaka kwisha.

Nairudia methali hiyo leo kwa kuwa baadhi yenu mmemaliza shule na mnajiandaa kwa masomo ya juu, na wengine mmekwisha kuniletea orodha ndefu za vitabu mnavyokusudia kuvisoma. Mnaniuliza: mtu anaweza kuyashika yote mawili? Maoni yangu ni kwamba anaweza, tena anapaswa. Kinachomponyoka mtu ni kile anachokishika kwa ajili ya kuonekana.

Tuanze na hesabu, kwa maana nami nilianza nayo. Tuseme kitabu cha wastani kina kurasa 200. Vitabu 50 ni kurasa 10,000. Ukizigawa kwa siku 365, unapata kurasa 27 na kidogo kwa siku. Ukitumia dakika mbili kwa kila ukurasa, kazi yote haifiki saa moja kwa siku. Nilipoiona hesabu hiyo nilifurahi. Ni nani asiyeweza kupata saa moja?

Lakini saa ya karatasini si saa ya nyumbani. Mchana ulikuwa wa wanafunzi wangu. Jioni ilikuwa ya madaftari ya kusahihisha. Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii, kama ilivyo desturi ya nchi yetu, na baada ya hapo nilikwenda mjini kuhudhuria mihadhara. Kukawa na uhaba wa mafuta, na safari fupi ya kutoka Kabezi hadi Bujumbura kwa barabara namba 3 ikawa ya kusimama na kusubiri. Saa yangu moja ya kusoma ilibaki usiku, umeme ukiwapo, na ilinikuta nimekwisha kuchoka. Basi nikawa nasoma kurasa 27 nisizozikumbuka asubuhi yake.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Nilikuwa nimebandika orodha yangu ukutani darasani ili kuwatia wanafunzi hamasa, na kila nilipomaliza kitabu niliweka alama ya vema mbele yao. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimebaki nyuma. Nikaanza kusoma sura ya kwanza na ya mwisho, nikipitisha macho katikati, kisha naweka alama. Hakuna aliyeniuliza, nami nikajiambia kwamba nitavirudia vitabu hivyo likizo itakapofika.

Kimojawapo kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Wengi wenu mnakijua. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria, naye anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mambo yatakayoifaa nchi yao. Siku moja, baada ya kipindi, msichana mmoja wa safu ya nyuma alinifuata na kuniuliza kwa adabu: “Mwalimu, kama wale wajumbe walirudi na mambo mema, kwa nini walitupwa gerezani?”

Sikuwa na jibu. Nilijua jinsi kitabu kinavyoanza na jinsi kinavyokwisha; safari za wale wajumbe, ambazo ndizo kitabu chenyewe, nilikuwa nimeziruka. Nikamwambia kwamba swali lake ni zuri na kwamba tutalizungumza wiki ijayo. Akashukuru, kisha akaongeza neno lililonichoma kuliko swali: “Basi mwalimu, kwa kuwa umekwisha kukimaliza, naweza kukiazima?” Kitabu hicho hakikuwa hata changu. Nilikuwa nimekiazima. Huku kwetu vitabu vya Kiswahili havipatikani kwa urahisi, na nakala moja husomwa na mikono mingi. Kwa majuma mawili nilikuwa nimekikalia kitabu bila kukisoma, na mtu mwenye njaa nacho alikuwa akikisubiri.

Siku ile niliondoa orodha ukutani. Juma lililofuata niliwaeleza wanafunzi ukweli, kwamba alama kadhaa kati ya zile zilikuwa za uongo. Nawaambieni, kusimama mbele ya darasa na kusema hivyo ni kazi ngumu kuliko mtihani wowote nilioufanya chuoni.

Mtu akisikia kisa hiki ataniambia: “Umeona? Ungeacha hivyo vitabu, ukasome masomo yako.” Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi, na ninazo sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba masomo ya juu humfinya msomaji. Katika shahada ya kwanza unaoneshwa uwanja mzima; katika uzamili unapewa kipande chake kidogo na kuambiwa ukichimbe. Hilo si baya, maana elimu hukua kwa kuchimba. Lakini anayechimba siku zote bila kuinua kichwa husahau uwanja ulivyo mkubwa. Nimewafahamu wasomi wanaoweza kunukuu nadharia kumi za ufundishaji, nao hawajasoma riwaya yoyote tangu walipotoka sekondari. Ukiwaambia waeleze tatizo la mkulima wa mihogo katika mkutano wa kilima, maneno yanawapotea. Na katika mikutano hiyo, ambayo ndiyo ngazi ya utawala iliyo karibu zaidi na mwananchi, aliyesoma ndiye anayetazamiwa kusaidia wengine kuelewa na kusema. Raia anayesoma mambo mengi ana maneno mengi ya kutetea haki yake na ya jirani yake.

Sababu ya pili ni kwamba usomaji wa hiari mara nyingi hurudi na kuilisha ile kazi ya lazima. Tumtazame Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Mwaka 1976 alimaliza shahada yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa tasnifu kuhusu ushairi wa Shaaban Robert. Sasa angalia alichokuwa amekwisha kukitoa kufikia wakati huo: Rosa Mistika mwaka 1971, Kichwamaji na diwani ya Kichomi mwaka 1974, na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975. Mtu huyo hakuutenga usomi na fasihi aliyoipenda. Aliyemchunguza katika tasnifu alikuwa mshairi, naye mwenyewe alikuwa akiandika mashairi. Mkono mmoja ulikuwa ukiusaidia mwingine.

Mfano wa pili una tahadhari ndani yake. Ngũgĩ wa Thiong’o alikwenda Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1964 kusomea uzamili, akachagua kuandika juu ya fasihi ya visiwa vya Karibi. Huko alisoma pia vitabu ambavyo tasnifu haikumdai, vikiwamo vya Frantz Fanon, na akaandika riwaya yake A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967. Mwaka huo aliondoka Leeds bila kuimaliza tasnifu. Kimoja kilimponyoka, kama methali isemavyo. Hata hivyo, mwaka 1968, akiwa mwalimu mjini Nairobi, yeye pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo, na hoja yao ikabadili ufundishaji wa fasihi katika eneo letu.

Tafadhali, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mtu atupe tasnifu kwa sababu Ngũgĩ hakuimaliza yake. Yeye aliondoka na riwaya mkononi. Mimi ningeondoka na orodha yenye alama za uongo. Tena masomo ya uzamili yana tarehe ya mwisho, na yana karo ambayo pengine imetoka katika mauzo ya mawese ya mzazi aliyeko Rumonge. Ikitokea kwamba lazima kimoja kisubiri, kitabu chako cha hiari ndicho kitakachosubiri. Kitabu hakina tarehe ya mwisho.

Nasikia pia pingamizi la vijana: “Mwalimu, bila idadi hatutasoma kabisa. Idadi inatusukuma.” Pingamizi hili lina haki yake. Anayejifunza lugha, ambaye bado anaogopa kitabu kizima, anaweza kusaidiwa na lengo kama la vitabu vitano kwa mwaka, sawa na mtoto anayeshikwa mkono anapojifunza kutembea. Lakini idadi inapokuwa kubwa kuliko nafasi uliyonayo, huanza kukuchagulia vitabu. Nilijikuta naviepuka vitabu vinene na kuvitafuta vyembamba, si kwa uzuri wao, bali kwa sababu vingenipa alama upesi. Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: Juliasi Kaizari, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Katika orodha ya ukutani hizo zingekuwa alama mbili tu. Lakini mfasiri hulazimika kusoma kila mstari, kuupima na kuurudia. Vitabu viwili vilivyosomwa namna hiyo vina uzito kuliko hamsini vya kwangu.

Basi tufanyeje? Jirani yangu, mzee aliyevua katika Tanganyika maisha yake yote, alinipa jibu bila kukusudia. Wavuvi wetu huwavua ndagala, wale ambao Watanzania huwaita dagaa, usiku wa giza kwa kuwavuta kwa taa. Nilimkuta ufukweni usiku wa mwezi mpevu akishona wavu, nikamuuliza kwa nini hakwenda majini. Akasema: “Mwezi uking’aa hivi, mwalimu, samaki hawaifuati taa. Usiku huu ni wa nyavu.” Hakusikitika hata kidogo. Hakuhesabu kwamba amepoteza usiku mmoja.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu ninaouona unafaa kwa mtu mwenye masomo na kazi. Kwanza, nasoma kitabu kimoja kwa mwezi, hata kama ni chembamba, na mwezi wa mtihani sisomi chochote cha hiari. Huo ni mwezi wa nyavu. Pili, kila baada ya vitabu viwili vya mapenzi yangu, cha tatu nakichagua kinachogusa masomo yangu, ili mkono mmoja uusaidie mwingine. Tatu, mahali pa kuweka alama ya vema naandika katika daftari swali moja ambalo kitabu kimeniachia. Nikikosa swali, najua sijakisoma. Nne, kitabu cha kuazima kinarudi kwa mwenyewe katika siku tulizokubaliana, kimemalizika au hakijamalizika, na nasema wazi ni kipi kati ya hayo.

Kwa utaratibu huo nilisoma vitabu 11 katika mwaka uliofuata, nikamaliza na masomo yangu. Kusadikika kilikuwa cha kwanza, na nilikisoma chote. Nilimtafuta yule msichana nikampa jibu langu: naona wajumbe walifungwa kwa sababu habari walizorudi nazo ziliwaonesha wakubwa wa Kusadikika kwamba mambo yanaweza kwenda vingine, na asiyetaka mabadiliko humwogopa anayejua hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema yeye haoni hivyo, akafungua kitabu kunionesha ukurasa. Tulibishana hadi kengele ikalia.

Mwanafunzi mpendwa, methali za wahenga nazo tuzisome hadi mwisho kabla ya kuzitumia kama fimbo. Kabla hujaondoka, chukua daftari lako ujibu maswali haya mawili kwa Kiswahili sanifu: Ni kitabu gani ulichowahi kusema umekisoma, nawe hukukisoma? Na ni nani anayekisubiri?