Ridhaa ya Mzazi Isiwe Pingu kwa Mtoto

Wilaya za Handeni na Korogwe, katika Mkoa wa Tanga, ni nchi ya watu waliokuja na watu waliorudi. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalistawi kwa jasho la manamba waliotoka Kigoma, Ruanda-Urundi, Nyasaland na Msumbiji, na wengi wao wakaoa huko na kubaki. Handeni nayo iliwapokea Wazigua ambao wazee wao walichukuliwa kutoka bara hilo katika karne ya 19 na kuuzwa utumwani Somalia. Wajukuu wao walikimbia vita vya mwaka 1991 wakarudi katika ardhi ya mababu. Walikaa kwanza katika kambi ya Mkuyu, na kuanzia mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo. Ilipofika mwaka 2014, zaidi ya 1,500 kati yao walikuwa wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania.

Mahali watu wanapohama, watoto huhama nao, na mara nyingi huhama na mzazi mmoja tu. Mama hufika na wanawe, baba amebaki Kenya, au amepelekwa Marekani, au hajulikani aliko. Miaka hupita, mama huolewa, na watoto wale hupata baba wa kambo ambaye huwalisha, huwavika na kuwapeleka shule. Siku moja mtu huyo hutaka kuwafanya watoto wake mbele ya sheria. Hapo ndipo huulizwa swali zito: je, baba aliyewazaa ameridhia? Na kama hakuridhia, itakuwaje?

Sisi wa visiwani hatuwezi kulitazama swali hili kama jambo la watu wa bara peke yao. Wenzetu wengi wana jamaa Mombasa, Ngazija na Maskati, na ndoa baina ya Pemba na Tanga ni za tangu zamani. Mwanamke wa kwetu aliyezalia Oman, kisha akaolewa Korogwe, atakutana na swali hilo hilo. Kwa hiyo yafaa tuseme wazi tunavyoona.

Kwanza ieleweke kwa nini sheria inadai ridhaa. Kumwasili mtoto ni jambo kubwa kuliko kumlea. Amri ya mahakama ya kuasili hukata haki na wajibu wa mzazi wa damu, ikavikabidhi kwa mtu mwingine. Tangu siku ile mzazi wa zamani hana tena sauti juu ya malezi wala safari ya mtoto, na mtoto naye huingia katika haki za ukoo mpya. Jambo la namna hiyo haliwezi kufanywa nyuma ya mgongo wa mzazi ati kwa sababu yuko mbali au ni fukara. Umasikini si kosa, na kukimbia vita si kumtupa mtoto. Ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, imeweka ridhaa ya wazazi kuwa msingi wa maombi ya kuasili.

Lakini sheria hiyo hiyo haikumpa mzazi rungu la kumpigia mwenzake. Mahakama ina uwezo wa kuendelea bila ridhaa yake ikithibitika kwamba alimtelekeza mtoto au alimtesa mfululizo, au hapatikani, au hana uwezo wa kutoa ridhaa, au anaizuia bila sababu ya maana. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye uzito, na ndiyo yanayohitaji hekima ya mahakimu, majaji na maafisa ustawi wa jamii.

Maana makatazo si ya namna moja. Yuko baba anayekataa kwa kuwa bado ni baba. Hutuma alichonacho, hupiga simu, hujua mwanawe yuko darasa la ngapi. Huyu anapokataa anatetea jambo la haki, na mtu asimwite mkorofi. Yuko na baba mwingine ambaye kwa miaka hakuuliza mtoto amekula nini, ila aliposikia mtalaka wake ameolewa, akakumbuka kwamba ana damu yake huko Tanga. Huyu hakatai kwa ajili ya mtoto. Anakataa ili amkomoe mama. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kwa maoni yetu, kipimo cha katazo ni matendo ya mzazi katika maisha ya mtoto. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Asiyelea asipewe kauli sawa na anayelea. Na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa asikizwe mwenyewe, tena mahali asipotishwa na mtu yeyote, kwa kuwa yeye ndiye atakayeishi na uamuzi huo.

Hapa tuwakumbushe baba na mama wa kambo kwamba kuasili si mlango pekee. Ikiwa mzazi wa damu yu hai, anajulikana na anatimiza wajibu wake, mara nyingi inatosha kupata amri ya malezi, ili mtoto aandikishwe shule, atibiwe na asafiri bila matata, huku nasaba yake ikibaki palepale. Kwa Waislamu jambo hili ni bayana zaidi. Dini inahimiza kumlea na kumlisha mtoto asiye wako, lakini haikubali kumbadilishia nasaba. Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imelijali hilo kwa kuitambua kafala. Mlezi anayetaka kumwachia mtoto huyo mali anaweza kumuusia ndani ya theluthi moja ya urithi. Njia hii humpa mtoto ulinzi bila kumvua baba yake jina.

Tunalolikemea vikali ni njia ya mkato. Wapo wanaokwepa mahakama kwa kumwandikisha mtoto wa kambo kana kwamba walimzaa wao, wakapata cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba asiye wake. Wanadhani wamemsaidia, kumbe wamemtegea mtego. Mwaka 2008 Marekani iliusimamisha mpango wa kuwaunganisha wakimbizi na jamaa zao, baada ya vipimo vya vinasaba vilivyoanzia Nairobi kuonyesha kwamba undugu uliodaiwa katika maombi mengi haukuthibitika. Walikuwamo wadanganyifu, hatukatai. Lakini katika jamii zetu yatima na mtoto wa ndugu huitwa mwana bila karatasi yoyote, na neno hilo la mapenzi mbele ya afisa wa ubalozi huonekana kuwa uongo. Mpango huo ulipofunguliwa tena mwaka 2012, madai ya uzazi yalitakiwa kuthibitishwa kwa vipimo hivyo hivyo. Familia iliyosema kweli tangu mwanzo, kwamba huyu ni mtoto wa kambo na hii ndiyo amri ya mahakama, ina mahali pa kusimama. Iliyoficha haina.

Sasa tunawageukia watumishi wa Serikali. Tanzania haimo katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 unaosimamia uasili wa watoto baina ya nchi na nchi. Kwa sababu hiyo, hakuna njia moja iliyokwisha kutengenezwa ya kumtafuta baba aliyeko ng'ambo na kuipata kauli yake. Kazi hiyo huangukia mabega ya mama na mume wake, ambao pengine ni wakulima wa mahindi wa Handeni wasiojua hata pa kuanzia. Tunashauri mambo matatu.

Kwanza, afisa ustawi wa jamii wa wilaya aandike habari za mzazi asiyekuwapo tangu siku familia inapofika kwake, wala asingoje hadi kesi ifunguliwe. Jina, mahali alipoonekana mara ya mwisho na msaada alioutoa, vyote viwekwe katika jalada. Pili, Wizara inayohusika na watoto ishirikiane na balozi zetu na Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho kina uzoefu wa kuwatafuta waliopoteana vitani, ili mzazi apelekewe taarifa kwa lugha anayoifahamu na apewe muda maalumu wa kujibu. Ukimya wake usihesabiwe kuwa ridhaa, lakini usiachwe uzuie shauri milele. Tatu, Bara na Visiwani zielewane. Mambo ya watoto kila upande una sheria yake, ilhali uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Mama wa Pemba anayeishi Korogwe asirushwe huku na huko kama mpira, kila ofisi ikisema suala lake si la hapa.

Tunayasema haya kwa sababu mtoto hana muda wa kupoteza. Sheria humtambua kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18. Aliyeletwa Chogo akiwa na miaka 10, shauri lake likalala kwenye kabati kwa miaka 8, atakuwa ametoka utotoni bila kuamuliwa ni wa nani. Haki ya mzazi wa damu ni ya kuheshimiwa, na aitwe, asikizwe, atoe sababu zake. Akiwa na sababu, mahakama imlinde. Akiwa hana, isimruhusu kumfungia mtoto mlango ambao yeye mwenyewe alikwisha kuuacha.