Daftari la Michango Likae Kwa Nani?

Mliosikia kipindi cha juzi mnakumbuka nilitaja programu huria ya michango ya misiba ninayoandika na binamu yangu; mimi niko Silver Spring, yeye Eldoret. Basi tuligombana: msimbo tuutunze wapi?

Mimi nilitaka Subversion, niliyoizoea kazini: seva moja, historia yote iko hapo. Binamu akacheka. "Na stima ikipotea huku, ama bando liishe, kazi yangu nihifadhi wapi?" Tena seva ingekuwa kwangu. Yaani aandike yeye, ufunguo nishike mimi, kama mweka hazina wa zamani na daftari lake moja.

Tumechukua Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Kila laptopu ina historia nzima. Unahifadhi bila intaneti, mtandao ukirudi unatuma. Hata OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliotumika mapema hukohuko Eldoret, ulitoka Subversion ukahamia Git.

Karaha ipo: tukibadilisha mstari uleule, kila mtu kwake, lazima tukae tupatane. Jumapili najifunza hilo. Mwalimu ni binamu.