Jengeni Kwanza Mezani

Mwezi huu naongea na wenye kiwanja, iwe Katandala pale Sumbawanga au kwingineko, ambao kila jioni ni ubishi. Mwenzako anataka jiko la ndani, wewe unaliona uani. Chumba cha mama mkwe ndiyo usiseme. Ramani mnayo, lakini nani kati yenu anaielewa kweli? Zege la msingi likishamwagwa, kuhamisha ukuta ni hela. Kateni boksi, mjenge nyumba yenu mezani. Kila nusu mita iwe sentimita 1. Chumba cha mita 3 kwa 3 na nusu kinakuwa sentimita 6 kwa 7.

Kasheshe ni gundi. Ukiminya chupa juu ya kuta, boksi linalowa, linapinda, na jioni ya raha inageuka ya kununiana. Mimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa ya maji, halafu uwe unachota.

Kwa gundi nyeupe ya mbao, kijiti cha meno kinatosha kupaka ukingo wa ukuta. Penye mstari mrefu tumia bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yenyewe. Ukimaliza livutishe maji mara mbili tatu kabla halijaganda.

Supagluu ndiyo yenye visa. Chukua sindano ya kushonea, ifunike kwa kitambaa, ukate kwa plaizi ncha ya tundu lake vibaki vipembe viwili. Upande mkali uchomeke kwenye kifutio cha penseli. Vipembe vinashika tone moja tu. Ukigusa kona, linaingia lenyewe. Ikimwagika usifute kwa pamba! Vikikutana hutoa joto kali, hata kuunguza vidole. Vidole vikigandana usivivute kwa nguvu; viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, au upake asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Watoto wakae mbali.

Kwa baridi ya Ufipa ya Juni na Julai, gundi nyeupe inachelewa kukauka. Baneni kuta kwa vibanio vya nguo, mkalale.

Paa msiligandishe. Mama mkwe akija mnalifunua, anachungulia chumba chake mwenyewe.