Mji Hupimwa kwa Miguu



Kila mwaka wengi wetu hutafuta kiwanja cha kujenga. Mtumishi akiisha kuweka akiba yake, au akiisha kupata mkopo, huuliza maneno mawili: kiwanja kina ukubwa gani, na bei yake kiasi gani? Maswali hayo ni ya haki. Lakini liko swali la tatu ambalo yafaa litangulie hayo mawili, nalo huulizwa na wachache: nikitoka mlangoni pangu kwa miguu, nitafika wapi?

Twasema hivi kwa kuwa neno "mji" limeharibiwa maana yake. Watu huona lami pana, maghorofa marefu na taa za umeme, wakasema, "Hapa ni mjini." Hayo ni mapambo ya mji. Mji wenyewe ni watu wengi kukaa karibu karibu, kila mmoja akipata haja zake na kuwafikia wenziwe pasipo kupanda chombo. Mahali ambapo mtoto hawezi kwenda shule, wala mama sokoni, wala mzee msikitini au kanisani, ila kwa gari, hapo ni shamba lililotiwa lami.

Na tuchukue mfano tuujuao sote, Kariakoo ya Dar es Salaam. Jina lake latokana na Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, lililopiga kambi mahali pale. Mtaa huo haukupangwa kwa kuwapenda wenyeji wake. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliugawa mji sehemu tatu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini nyuma, na baina ya Uhindini na Uswahilini ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ili watu watengwe. Hata hivyo, wale waliotiwa ndani ya mistari ya ramani ile waliufanya mtaa wao kuwa mji kuliko Uzunguni yenyewe, yenye bustani zake na ukimya wake. Walifanyaje?

Kwanza, ni nyumba zao. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, ua nyuma wenye jiko na choo, na baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa na wapangaji wake, chumba kwa chumba; karani, kuli wa bandarini na fundi cherehani walilala chini ya paa moja. Kwa hiyo watu walitosha kulilisha duka la pembeni, na muuza maji, na mama wa maandazi. Duka halisimami pasipo wanunuzi. Watu wakitawanywa mbali mbali, kila familia ndani ya ukuta wake, hakuna mwenye duka awezaye kuwafuata wote, na ndipo kibiriti hutafutwa kwa gari.

Pili, ni njia zake. Mitaa ya Kariakoo hukatana mraba, na mtu hatembei kitambo kirefu kabla ya kukuta njia panda. Jambo hili laonekana dogo, lakini ni kubwa. Mtu mzima hutembea kama mita 400 kwa dakika 5. Njia zikiwa nyingi, mita 400 ni mita 400. Lakini njia ikiwa moja tu, nayo yazunguka kuta ndefu zisizo na mlango, jirani unayesikia jogoo wake akiwika aweza kuwa mbali nawe kwa mwendo wa robo saa.

Tatu, ni baraza. Wazee wa pwani walijua siri hii zamani, kabla ya wapima ardhi. Nendeni Lamu, au Mji Mkongwe wa Unguja, mtaona vichochoro ambavyo nyumba ya huku huitilia kivuli nyumba ya kule, na kando ya milango mna mabaraza ya mawe ya kukalia. Apitaye hupita mbele ya macho ya watu. Husalimiwa, huulizwa hali, na mwizi huona haya. Mji ule haukuhitaji askari katika kila kona, maana kila mlango ulikuwa na mlinzi asiyelipwa. Ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake humlinda aliye ndani, lakini humwacha apitaye nje peke yake.

Wanachama wasidhani kwamba haya ni mambo ya starehe tu. Ofisi ya African Association ilikuwa New Street, ambayo leo ni Lumumba, mkabala na Mnazi Mmoja. Na huko ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mtumishi aliyetoka kazini jioni aliweza kupita pale kwa miguu, akasikia habari, akazichukua mpaka barazani kwake. Uwanja ulioachwa mtupu ili kuwatenga watu ukawa mahali pao pa kukutania. Chama hakiwezi kukua mahali ambapo kila mkutano wadai nauli, na kila mtu huitazama saa akiogopa kukosa chombo cha kurudia.

Yuko atakayetujibu, "Nyinyi mwasifu msongamano. Kariakoo palikuwa na vyumba vilivyojaa watu, vyoo vibaya, na makelele." Asemayo ni kweli, wala hatuyafichi. Lakini hapana budi kutenganisha mambo mawili. Watu sita kulala chumba kimoja ni umaskini. Nyumba sita kuwa karibu na duka moja ni mji. Dawa ya lile la kwanza ni mishahara ya haki, mifereji na maji safi, wala si kuwapeleka watu kilomita 20 porini. Huko nako watalipa, ila malipo yao yatakuwa ya saa: saa mbili asubuhi na saa mbili jioni ndani ya gari, ambazo mtoto hamwoni babaye ila amelala.

Wala Kariakoo ya leo si ile ya zamani. Tangu biashara ilipolegezwa katika miaka ya 1980 na iliyofuata, nyumba nyingi za vyumba sita zimebomolewa, na maghorofa ya maduka na bohari yakasimama mahali pake. Mchana watu hujaa hata pa kupita hapana. Lakini njia za waendao kwa miguu zimeshikwa na magari na mizigo. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam, na wengi wakasema kwamba wao ndio waliomziba mpita njia. Sisi twauliza: barabara ile ilipogawanywa, gari lilipewa kiasi gani, na miguu ilipewa kiasi gani? Wawili wakigombania mkeka mmoja, yafaa kwanza atazamwe aliyelala juu ya kitanda.

Na jambo hili lina damu ndani yake. Shirika la Afya la Dunia lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wapatao 1,190,000 hufa kwa mwaka katika ajali za barabarani duniani, na zaidi ya mmoja katika kila watano ni mtu aliyekuwa akienda kwa miguu. Hakupanda gari, hakukimbia; alikuwa akivuka tu.

Twapenda kusema pia kwamba yako yaliyotendwa vema. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco, kando ya njia zile zilijengwa pia njia za miguu. Hiyo ni hekima, maana kila abiria wa basi ni mwenda kwa miguu mara mbili: kabla ya kupanda, na baada ya kushuka.

Sasa twafika Dodoma, ambako wengi wetu wamehamia tangu Serikali ilipoanza kuhama kwa nguvu mwaka 2016. Ramani kuu ya Dodoma ya mwaka 1976, iliyotungwa na wapangaji waliotoka Toronto, Kanada, ilitaka mji wa watu waendao kwa miguu na kwa baiskeli, kisha basi, na gari la mtu binafsi liwe la mwisho. Lakini Mji wa Serikali wa Mtumba, uliofunguliwa mwaka 2019, uko zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji. Ofisi peke yake si mji, kama vile meza si nyumba. Zikipatikana ofisi upande mmoja, na viwanja vyetu vyenye kuta upande mwingine, na soko upande wa tatu, tutakuwa na makao makuu yenye barabara nzuri sana na watu wasioonana.

Basi, tufanye nini? Mwanachama atakaye kununua kiwanja, asikubali kupelekwa na gari la dalali tu. Ashuke, atembee mwenyewe mpaka shule, duka, zahanati na kituo cha basi, na mkewe atembee pia, maana ndiye atakayebeba kikapu. Akijenga, na aache mlango na dirisha vitazame njia, na kama nafasi ipo, baraza na mti mmoja wa kivuli. Anayehudhuria mkutano wa mtaa, asinyamaze kiwanja cha wazi kinapotaka kukatwa vipande na kuuzwa, maana kikiisha kujengwa hakirudi. Na zaidi ya wote, sisi makarani tunaopitisha majalada ya ramani na vibali, tukumbuke kwamba mstari mmoja wa kalamu waweza kumwongezea mama mjamzito nusu saa ya jua kila siku ya maisha yake. Ikiwa ramani haionyeshi mahali pa kupita mtu, tuandike ukingoni, kwa adabu na kwa maneno yaliyo wazi: "Waendao kwa miguu watapita wapi?" Swali hilo halimvunjii mkubwa heshima, nalo likiisha kuandikwa jaladani, hapana budi lijibiwe.